Unalalaje, Daktari?

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Kabla sijaanza, vuteni viti. Mtu tunayemkumbuka leo hakuwahi kukubali mazungumzo ya maana yafanyike watu wakiwa wamesimama. Kama uko jikoni, geuza ndoo uikalie. Kama uko kazini na bosi anakutazama, basi egemea ukuta, tutakuelewa.

Leo tunamkumbuka daktari. Alikuwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, mke wa fundi seremala, mama wa watoto waliokwisha kuwa na watoto wao. Na alikuwa mwalimu wa madaktari. Narudia: mwalimu wa madaktari. Wagonjwa walimwita Daktari. Mumewe alimwita Bibie. Lakini pale hospitalini, kuanzia mlinzi wa getini hadi mganga mkuu, jina lake lilikuwa moja tu, Mama Stuli. Alilijua na hakulichukia. Alisema ameshawahi kuitwa mabaya zaidi.

Hospitali yenyewe si ile kubwa mnayoisikia kwenye taarifa ya habari. Ni hospitali ya jamii. Ina ngazi ndefu na lifti iliyokufa siku nyingi. Wodi ya wanaume upande huu, ya wanawake upande ule, na katikati chumba cha madaktari chenye benchi moja lililolegea. Lakini hospitali hiyo inafundisha. Daktari aliyekwisha kuhitimu, anayetaka kuwa bingwa wa moyo, mapafu, figo, ini, sukari na mengine yote yaliyojificha ndani ya ngozi, anakuja pale anakaa miaka. Ni daktari tayari, lakini anarudi kuwa mwanafunzi. Darasa lake ni wodi. Na mwalimu wake, kwa miaka mingi sana, alikuwa Mama Stuli.

Sasa hilo jina lilitoka wapi? Lilitokana na kero ya viti. Mnajua viti vya hospitali vina tabia ya kuhama. Unakiweka wodini leo, kesho unakikuta ofisini kwa mhasibu. Madaktari wanafunzi wakazoea kumhoji mgonjwa wakiwa wamesimama, faili mkononi, mguu mmoja tayari unaelekea kitanda cha pili. Mama Stuli akachoka na hali hiyo. Akaenda nyumbani, akamwambia mumewe amtengenezee stuli.

Mumewe, ambaye sote mtaani tunamwita Fundi, anakumbuka vizuri. "Nilidhani anataka ya jikoni," anasema. "Kumbe ni ya wodini. Akaniambia, Fundi, nataka mtu akiikalia, macho yake yawe sawa na macho ya mtu aliyelala kitandani. Nikamwambia, Bibie, hicho kipimo hakipo kwenye utepe wangu. Ikabidi niende mwenyewe. Nikalala kitandani pale wodini na viatu vyangu, yeye akachuchumaa pembeni, tukapimana. Manesi walitucheka mpaka wakashika mbavu."

Stuli ikatengenezwa. Ndogo, nzito, ya mbao ngumu, haina mgongo. Daktari mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ndiye aliyepewa kazi ya kuibeba kutoka kitanda hadi kitanda wakati wa raundi. Na sheria ikawa moja. Ukifika kwa mgonjwa, kaa. Usifungue faili. Usiguse stethoskopu. Kaa, muulize analalaje, halafu nyamaza mpaka amalize.

Analalaje. Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza, siku zote, kwa kila mgonjwa. Wanafunzi walipomuuliza kwa nini, alijibu, "Ukimuuliza mtu anaumwa wapi, atakuonyesha mahali. Ukimuuliza analalaje, atakusimulia maisha yake."

Palikuwa na daktari kijana mmoja mwingi wa maneno, wenzake wakambandika jina la Redio. Huyo ni ndugu yetu, msimcheke. Redio alikuwa akilalamika, "Jamani, wenzetu wa hospitali kubwa wanabeba mashine. Sisi tunabeba samani!" Mama Stuli akamjibu bila kugeuka, "Ibebe vizuri basi, ina thamani kuliko maneno yako."

Na palikuwa na mwingine, binti mdogo wa umbo, aliyekuja kutoka mbali na hakuwa na ndugu katika mji huu. Huyo wakamwita Kimya. Wasikilizaji wapendwa, mshikeni Kimya vizuri, kwa sababu habari hii ni yake pia. Na haya ninayowasimulia ametusimulia mwenyewe, kwa ruhusa ya Fundi. Fundi alisema, "Semeni yote. Wengine nao wasikie."

Mwaka wake wa kwanza, Kimya alikuwa na haraka kama wote. Aliletewa mzee mmoja, dereva wa malori aliyestaafu, anakohoa, anahema. Kimya akasoma faili akiwa mlangoni. Kikohozi, kuhema, basi mapafu hayo. Akaandika dawa za mapafu, akaondoka. Baada ya siku chache mzee alikuwa vilevile, au pabaya zaidi.

Mama Stuli hakumgombeza. Alimpa stuli tu, akasema, "Rudi ukamuulize."

Kimya akarudi. Akakaa. Akauliza, "Baba, unalalaje?" Kisha akanyamaza, jambo ambalo kwake halikuwa gumu.

Mzee akaanza na habari za mwanawe, akaenda kwenye habari za lori lake la zamani, akazunguka weee, halafu akasema, "Mwanangu, mimi silali. Nikilala chali ni kama mtu ananimiminia maji kifuani. Ninakaa kwenye kiti usiku kucha kama niko safarini." Hapo Kimya akaelewa. Mtu asiyeweza kulala kitandani, anayelala ameketi, huyo moyo wake umeshindwa kusukuma damu, na maji yanarudi mapafuni. Mapafu yalikuwa yanasingiziwa tu. Dawa zikabadilishwa. Mzee akarudi nyumbani kwa miguu yake, akalala kitandani.

Mtu analala ameketi. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Sasa tuje kwenye uchovu. Maana habari hii, niwe mkweli, ni ya uchovu. Mafunzo ya ubingwa yanahitaji mabingwa wa kufundisha. Pale hospitalini walikuwepo watatu. Mmoja akaenda kutafuta malisho mema. Wa pili akamfuata. Hatuwalaumu, kila mtu na watoto wake. Lakini Mama Stuli akabaki peke yake na wodi mbili, kliniki, simu isiyokoma, na madaktari wanne wa mwaka wa mwisho, Redio na Kimya wakiwemo.

Bodi ya mafunzo ikaja, ikaangalia, ikatikisa kichwa. Masharti yakawa haya. Wale wanne wamalize mwaka wao na wafanye mtihani. Wakifaulu, na wawili wao wakakubali kubaki kufundisha, mafunzo yataendelea. Lakini kama Mama Stuli ataacha kazi kabla ya mtihani, kwa sababu yoyote ile, mlango unafungwa siku hiyo hiyo. Wale wanne watatawanywa hospitali nyingine, wakaanze upya kama kuna nafasi. Na watu wa mji huu watabaki bila bingwa hata mmoja.

Narudia ili tuwe pamoja. Yeye akisimama, wanne wanamaliza. Yeye akianguka, hakuna anayemaliza.

Mdogo wake wa kike, anayeuza vitambaa sokoni, anasema alimwendea. "Nilimwambia, dada, utajiua. Akacheka. Akaniambia, nikipumzika mimi, nani atawapigia raundi wale watoto? Nikamwambia, wale si watoto, wana ndevu! Akasema, hata mwenye ndevu anafundishwa kutembea." Dada huyu anaposimulia hapo, anakunja kitambaa alichokwisha kukikunja.

Basi Mama Stuli akajikaza kisabuni. Alikuja asubuhi, akaondoka giza. Chai yake iliwekwa dirishani pale chumba cha madaktari na kupoa hapo hapo kila siku. Muuguzi mkuu alikuwa akisema, "Chai ya Mama Stuli ni ya maonyesho." Alianza kuvaa ndala. Akasema viatu vinambana, umri huo. Na kwenye ngazi alianzisha mtindo mpya wa kufundisha. Kila kwenye kituo cha ngazi alisimama, akashika chuma, akawauliza wanafunzi swali gumu. Figo zikishindwa, utaona nini kwenye mkojo? Sukari ikipanda ghafla, utaanza na nini? Nao wakajibu na kubishana, yeye akiwasikiliza amefumba macho. Wakaipenda sana hiyo. Wakaiita Maswali ya Ngazini. Redio alijisifu hata kwa wageni, "Mwalimu wetu hapotezi hata ngazi."

Jamani! Madaktari wanne wa magonjwa ya ndani. Watu waliofundishwa kumtambua mgonjwa kwa namna anavyoingia mlangoni. Wanatembea na mtu miguu imevimba, anahema ngazini, wao wanashindana kujibu maswali. Na hawakuwa wajinga, wala hawakuwa na roho mbaya. Ni kwamba wote walikuwa wamechoka. Kwenye nyumba ambayo kila mtu amechoka, nani atashangaa kumwona mwenzake amechoka? Hakukuwa na mtu pale ambaye hakuhema kwenye zile ngazi.

Jumapili wanne hao walikuwa wakienda nyumbani kwa Mama Stuli kujisomea. Walikaa kwenye karakana ya Fundi, katikati ya meza zisizo na miguu na makabati yasiyo na milango. Jumapili moja Fundi alikuwa anapiga msasa mlango, akasema kwa utani, "Nyie mwalimu wenu amenihama siku hizi. Kahamia kwenye kochi. Anasema kitanda kina joto."

Wakaangua kicheko. Redio akadakia, "Fundi, umefanya kosa gani? Omba msamaha mapema!" Fundi mwenyewe akacheka mpaka msasa ukamwanguka.

Kimya hakucheka. Alikuwa anamfikiria dereva wa malori.

Aliinuka bila kusema neno, akachukua kigoda kibarazani, akaingia jikoni. Mama Stuli alikuwa anaosha vikombe, ameegemea sinki kwa tumbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unanisalimia mara ya pili? Umenisahau?"

Kimya akaweka kigoda chini. Akakaa. Akamtazama. "Mama, unalalaje?"

Mama Stuli akaendelea kuosha kikombe kile kile. "Nimechoka tu, mwanangu."

Kimya akanyamaza. Kama alivyofundishwa. Maji yakaendelea kutiririka, huko nje wakaendelea kucheka. Mama Stuli akafunga bomba.

"Mito miwili," akasema. "Halafu mitatu. Halafu kochi."

Akainua upindo wa gauni kidogo, akabonyeza muundi wake kwa kidole gumba. Alipokitoa kidole, shimo likabaki, kama unga uliokandwa. Wote wawili wakalitazama. Wote wawili walijua ni nini. Hakukuwa na haja ya kipimo.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu wale wenzangu walipoondoka. Nilisema ni uchovu. Wiki ya kwanza nililiamini hilo neno. Baadaye nikawa nalisema tu."

Mganga hajigangi, wasikilizaji wapendwa. Na tafadhali msinipigie simu hapa studioni kunikumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mama Stuli aliijua methali hiyo. Aliwaambia wagonjwa wake kila siku.

Kimya akasimama kwenda kumwita Fundi. Akashikwa mkono.

"Kaa. Ulipokuja na hicho kigoda, ulikuja kama nani? Kama mwanafunzi wangu, au kama daktari?"

"Kama daktari, mama."

"Basi mimi ni mgonjwa wako. Na siri ya mgonjwa..."

"Ni ya mgonjwa," Kimya akamalizia. Lilimtoka lenyewe. Alikuwa amelirudia darasani mara nyingi mno, na aliyemfundisha kulirudia alikuwa amesimama mbele yake.

Kimya anasema mpaka leo anausikia mdomo wake ukilimaliza lile neno. Anasema alijiona kama mtu aliyefungiwa mlango kwa ufunguo wake mwenyewe. Akimwambia Fundi, amevunja kiapo, na mafunzo yamekufa, na wenzake watatu wamepoteza miaka. Akinyamaza, anamtazama mama yake wa mji huu akizama taratibu. Alikuwa binti wa watu, mbali na kwao, na hakuwa na wa kumuuliza. Aliyezoea kumuuliza alikuwa ndiye huyo huyo.

Lakini huyu binti si wa kuchezea. Akafuta machozi, akasema, "Sawa. Kama mimi ni daktari wako, utanitii."

"Nitakutii baada ya mtihani."

"Hapana. Kuanzia leo."

Wakapatana bei pale jikoni kama watu wa sokoni. Mama Stuli akakubali kwenda mji wa pili kwa daktari wa moyo. Akakubali kumeza vidonge. Akakubali kuwa wakati wa raundi atakaa yeye kwenye stuli. Hakukubali kuacha kazi. Na hakukubali Fundi aambiwe. "Fundi akijua atanipigilia misumari mlangoni," alisema. "Mpaka mtihani, mwanangu. Nipe mpaka mtihani."

Akampa. Ndivyo ilivyokuwa. Akampa.

Jumamosi moja Mama Stuli akaenda kwa daktari wa moyo, nyumbani akaaga kuwa ana mkutano. Dawa zikasaidia. Uvimbe ukapungua, kuhema kukapungua. Lakini dawa ya moyo uliochoka inataka na moyo wenyewe upumzike, na hicho hakikuwemo kwenye mapatano. Wodini akawa anakaa yeye kwenye stuli, wanafunzi wanachuchumaa pembeni. Redio akasema, "Mama kaleta mtindo mwingine!" Wote wakacheka. Kimya akabeba stuli kutoka kitanda hadi kitanda, yeye wa mwaka wa mwisho, kazi ya watoto wa mwaka wa kwanza. Waliomtania aliwaacha watanie. Kila asubuhi alimpitia mwalimu wake kabla ya raundi, akamuuliza swali moja tu kwa sauti ya chini. Akajibiwa, "Mito miwili." Siku nyingine, "Mitatu." Siku nyingine hakujibiwa.

Mtihani ukafika. Wakafanya. Matokeo yakatoka. Wote wanne wamefaulu! Redio akapiga kelele mpaka wagonjwa wakadhani kuna moto. Kimya na Redio wakatia sahihi ya kubaki kufundisha. Mafunzo yakawa hayafi. Mama Stuli alikuwa chumba cha madaktari, amekaa. Akapiga makofi. Kisha akaomba chai, na safari hii akataka iwe ya moto. Muuguzi mkuu anasema ndiyo mara yake ya kwanza kukiona kile kikombe kikiwa kitupu.

Jioni ile akamwambia Fundi yote.

Kesho yake asubuhi walikuja pamoja, Mama Stuli amevaa gauni la kulalia ndani ya koti, mkoba mkononi. "Nitafutieni kitanda," akasema. Akalala wodi ya wanawake, wodi yake mwenyewe. Redio alipewa stuli, akakaa, akafungua mdomo, "Mama, unala..." na kilio kikamkatisha. Mama Stuli akamshika kichwa. "Redio," akamwambia, "leo jizime kidogo."

Waliita daktari wa moyo. Walifanya kila walichofundishwa. Moyo ulikuwa umekwisha. Siku chache baadaye alifariki, asubuhi, madirisha yakiwa wazi, wasafishaji wanapiga deki, Fundi amekalia ile stuli aliyoitengeneza, macho yake sawa na macho ya mkewe.

Msibani Kimya alimwendea Fundi kumpa pole. Fundi akamtazama. "Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Ulikula kwangu kila Jumapili, ukijua?"

"Nilikula, baba."

"Basi usinipe mkono." Akageuka.

Nisimame kidogo hapo. Tangu msiba huo nimesikia watu wengi wakisema Mama Stuli alikufa kishujaa, alikufa kazini, alijitolea. Mimi nimechoka na maneno hayo. Tunayatumia ili tusiulize maswali. Mama Stuli alikufa akiwa amechoka. Hospitali nzima ilipakizwa mgongoni kwa mtu mmoja, na tukampigia makofi kwa kuwa haukukatika mapema. Nalisema hili kwa upendo na kwa hasira, na wenye kuhusika mtanisamehe.

Kimya akaanza kazi ya kufundisha. Wanafunzi wapya wakaja. Ile stuli ilikuwa stoo, imefunikwa shuka. Alishindwa kuigusa. Akapiga raundi amesimama, haraka haraka, faili mkononi. Aliona anachofanya, akaendelea kukifanya. Usiku alikuwa macho. Akiulizwa na wenzake, alijibu, "Nimechoka tu."

Halafu siku moja Fundi akapanda zile ngazi, amebeba kitu begani kimefungwa gunia. Kwenye kila kituo alisimama kupumua. Akaingia chumba cha madaktari. Kimya alikuwa peke yake, chai yake iko dirishani imepoa.

"Shikamoo, baba."

Fundi akafuta jasho kwanza. "Marahaba." Akakitua kile kitu, akafungua gunia. Kilikuwa kiti. Mbao ile ile ngumu. Lakini kirefu kidogo, na kina mgongo, umepigwa msasa mpaka unateleza.

"Ile ya kwanza niliipima kwa mgonjwa," akasema. "Hiki nimekipima kwa daktari. Nimekiwekea mahali pa kuegemea."

Kimya akapitisha kiganja juu ya ule mgongo wa mbao.

"Hasira bado ninayo, usidhani imekwisha. Nitakasirika mpaka nichoke. Lakini nimewaza sana pale karakana. Mimi nililiona kochi, nikalifanyia mzaha. Wenzako waliusikia mzaha, wakacheka. Wewe peke yako ndiye uliyekwenda ukakaa." Akakohoa. "Bibie aliniambia jioni ile ya matokeo. Alisema, yule binti aliniuliza. Miezi yote ile kila mtu ananiuliza kazi, yule aliniuliza ninalalaje. Alisema alijisikia mtu."

Akakigeuza kile kiti, akakisukuma kuelekea kwa Kimya.

"Kaa."

Kimya akakaa. Fundi akaburuta lile benchi lililolegea, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Haya, binti yangu. Unalalaje?"

Na Kimya, ambaye jina lenyewe mmelisikia, akasema. Akasema mpaka muuguzi mkuu alipokuja kuita watu wa raundi, akachungulia, akaufunga mlango polepole, akaenda kuwaambia wanafunzi wasubiri.

Stuli imetolewa stoo. Iko wodini, inabebwa. Kile kiti kiko chumba cha madaktari, na kila Jumatatu kabla ya raundi kila daktari anakikalia kwa zamu, wa mwaka wa kwanza mpaka Kimya mwenyewe, anaulizwa swali moja. Anayejibu "nimechoka tu" haruhusiwi kuinuka.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Fundi, kwa watoto na wajukuu, kwa mdogo wa marehemu pale sokoni, na kwa wote aliowafundisha. Pole Kimya. Pole Redio, najua unatusikiliza, na najua umenyamaza. Mungu amlaze Mama Stuli pema, na safari hii alale chali, bila mto hata mmoja, wala pasiwe na simu ya kumwamsha.

Nanyi mlio nyumbani, kuna mtu hapo karibu nawe. Ni mkeo, ni mumeo, ni mama, ni yule anayewabeba wote na ambaye hajawahi kuulizwa. Amekuambia mara ngapi amechoka tu? Zima redio. Sisi tutakuwepo, hatuendi popote. Zima, vuta kiti, umuulize analalaje. Kisha nyamaza mpaka amalize.